Bokeh Ilimeza Mlango wa Bibi

Nina picha moja tu ya bibi yangu mzaa mama akiwa kwenye baraza ya nyumba yake Bagamoyo, na kila mpiga picha niliyemwonyesha ameisifu. Macho yametulia. Makunyanzi yanahesabika. Kanga aliyojitanda imetoka mpaka uzi wa pindo. Nyuma yake kuna rangi ya kahawia iliyoyeyuka kama sukari guru kwenye sufuria, na doa la manjano juu upande wa kushoto. "Kaka, hiyo bokeh ni hatari," wananiambia. Niliipiga kwa lenzi ya milimita 50, tundu limefunguliwa mpaka f/1.8, mimi nikiwa hatua mbili mbele yake.

Ile kahawia ni mlango. Ulikuwa mlango wa mbao wa kuchonga, mbao mbili nzito zenye nguzo katikati, na nakshi juu ya kizingiti. Bibi alipofariki, hata arobaini haijafika, mlango ulishauzwa kwa mnunuzi aliyekuja na gari na fedha taslimu. Nyumba isiyo na mlango haina mwenyewe. Masika mawili yaliyofuata yaliingia ndani, kuta za mawe na chokaa zikalainika, zikashuka. Leo pale ni kiwanja chenye mbuyu mchanga na mifuko ya plastiki. Wajomba zangu wanapobishana kama nakshi ya kizingiti ilikuwa mayungiyungi au mnyororo, wananigeukia mimi, msomi wa kamera, mwenye picha. Nawaonyesha rangi ya kahawia.

Makala haya ni ya ugomvi. Nagombana na mimi mwenyewe wa mwaka ule, na nagombana nasi sote tunaobeba kamera kutoka Tegeta na Bunju kila Jumamosi kwenda Bagamoyo kupiga picha "zenye bokeh". Nasema kwamba neno hili tumelipokea vibaya. Kuazima neno la Kijapani si kosa. Kosa letu ni kwamba tuliazima sifa tu na kuliacha neno lenyewe kwao, kisha tukalitumia kuwanyamazisha watu waliokuwa na jambo la kutuambia.

Tuanze na herufi. Kwa Kijapani neno ni "boke". Halina h. Hiyo h iliongezwa Marekani mwaka 1997, na Mike Johnston, aliyekuwa mhariri wa jarida la Photo Techniques. Alichapisha makala kadhaa kuhusu namna lenzi zinavyochora sehemu zisizo kwenye fokasi, naye akahofia kwamba msomaji wa Kiingereza akiona "boke" atalitamka kama neno la kwao lenye e isiyosikika. Akaweka h mwishoni ili e itamkwe. Ilikuwa huduma nzuri kwa Waingereza na Wamarekani.

Sasa sisi h hiyo ni ya nini? Kijapani kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kiswahili kina irabu tano zilezile, na tunazitamka karibu sawa. Mtoto wa darasa la kwanza pale Kaole ukimwandikia "boke" atalisoma kama anavyolisoma mtu wa Tokyo. Lakini sisi tunaandika bokeh, na nimewasikia wenzangu wakilitamka "boka", wengine "bokei", kila mmoja akimsahihisha mwenzake kwa kumwiga Mmarekani wa kwenye video. Tumebeba gongo la mtu mwenye mguu mbovu, wakati miguu yetu mizima.

Hilo ni jambo dogo, lakini linaonyesha njia neno lilikopitia. Halikutoka Japani kuja kwetu. Lilipita kwanza kwenye maduka ya Marekani, likaoshwa, likafungwa kwenye boksi la lenzi, ndipo likatufikia. Kilichopotea njiani ni maana yake.

Huko kwao "boke" ni neno la mtaani. Linatokana na kitenzi "bokeru", kufifia, kupoteza makali. Mzee anayeanza kusahau majina ya wajukuu zake husemwa kwa kitenzi hicho. Mtu aliyeshuka kwenye ndege baada ya safari ndefu, kichwa hakijui kama ni usiku au mchana, ana "jisa boke", boke ya tofauti ya saa. Katika vichekesho vyao vya watu wawili, yule anayejifanya mjinga, anayesema mambo yasiyo na kichwa wala miguu, anaitwa "boke". Kwa hiyo Mjapani anaposifia boke ya lenzi anajua mdomoni mwake kwamba anasifia kitu chenye harufu ya usahaulifu na ujinga. Sifa na mashaka vinakaa kwenye neno moja. Ndiyo maana wao hawasemi tu kwamba boke ipo au haipo. Wana "mae-boke", ile iliyo mbele ya kitu, na "ushiro-boke", ile iliyo nyuma. Wana "nisen-boke", pale ambapo tawi moja la nyuma linachorwa kama mistari miwili na kusumbua jicho. Hiyo ni lawama. Wana "boke-aji", ladha ya boke, kama mpishi anavyozungumzia mchuzi. Na picha iliyokosa fokasi kwa uzembe wanaiita "pin-boke".

Hilo la mwisho lina kisa. "Pin" hapo ni kifupi cha "pinto", yaani fokasi, na "pinto" ni neno la Kidachi, "brandpunt", lililosagwa na ndimi za Kijapani. Wadachi walifanya biashara kwenye kisiwa cha Dejima, Nagasaki, kwa zaidi ya miaka mia mbili, na elimu ya lenzi ilipita mlango huo. Kwa hiyo Wajapani nao waliazima. Lakini waliazima nusu, nusu nyingine wakatoa nyumbani, wakafunga ndoa. Mbona hilo ni jambo letu la kila siku? Meza tulichukua kwa Wareno, sahani kwa Waarabu, picha yenyewe kwa Waingereza, kisha tukasema "kupiga picha", na "kupiga" huko hakuna Mwingereza aliyetufundisha. Sisi ni mabingwa wa ndoa hizi. Kwa nini kwenye bokeh tumekubali kuishi kama wapangaji?

Na kuna boke nyingine ambayo maboksi ya lenzi hayaitaji. Mwaka 1968 kikundi cha Wajapani, Takuma Nakahira akiwa mmoja wao na Daido Moriyama akijiunga baadaye kidogo, walitoa jarida lililoitwa Provoke. Lilitoka matoleo matatu tu, likafa mwaka 1969. Picha zao zilikuwa na chembechembe nene, zimetikisika, zimekosa fokasi. Watu walizieleza kwa maneno matatu: "are, bure, boke", ukwaruzo, mtikisiko, ukungu. Msomaji wa Kiswahili atacheka hapo katikati, maana picha iliyotikisika kwetu nayo ni ya bure. Lakini vijana wale hawakutikisa kamera kwa bahati mbaya. Nchi yao ilikuwa imejaa picha safi, za matangazo na za magazeti, nao wakatilia shaka usafi huo. Boke kwao ilikuwa silaha ya kukataa. Kwetu boke imekuja kama manukato.

Nirudi barazani. Siku ile nilipomaliza kupiga nilimwonyesha bibi kioo cha nyuma cha kamera. Alikivuta karibu, akakisogeza mbali, akakaza macho. Akasema, "Mume wangu, mimi nimetoka. Mbona nyumba umeitia ukungu?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi, hiyo inaitwa bokeh. Ndiyo uzuri wa picha yenyewe."

"Haya," alijibu. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nimeyafikiria mazungumzo hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika kamera alitoa uhakiki wa picha kwa sentensi mbili. Alitambua kilichotoka na kisichotoka. Alijua kwamba ule ukungu haukujileta, nimeutia mimi. Na alitumia neno halisi: ukungu. Mimi nilikuwa na neno ambalo sikulijua asili wala maana, na kwa neno hilo nikafunga mjadala. Kama ningelazimika kumjibu kwa Kiswahili, ningesema nini? "Bibi, nimeitia nyumba yako ukungu kwa sababu…" Kwa sababu gani? Ningelazimika kuitafuta sababu, na kwa kuwa sikuwa nayo, labda ningezungusha pete ya lenzi mpaka f/8 na kupiga tena. Ni kazi ya sekunde kumi.

Hii ndiyo hoja yangu nzima. Neno lenye mizizi nyumbani linakuja na mashaka yake. Ukungu kwetu ni ule wa alfajiri juu ya mikoko, unaopendeza. Ni ule pia unaomficha nahodha mwamba. Na ni ule unaoota kwenye mkate na kwenye ukuta wa bafu. Anayemiliki kamera pwani hii anajua kwamba unaota hata ndani ya lenzi, kwa sababu ya joto na unyevu wa bahari. Nyuzi nyeupe kama za buibui zinatambaa kwenye kioo, na ukichelewa zinakila. Neno moja linabeba uzuri, hatari na uozo. Nikisema "nimeweka ukungu nyuma ya mtu huyu," sikio lolote la Kiswahili litauliza: umeficha nini? Nikisema "nimeweka bokeh", hakuna anayeuliza.

Nenda soko la samaki Bagamoyo jioni, pale ufukweni karibu na forodha ya zamani, utazame tunavyopiga. Kuna mtu anakaanga samaki. Nyuma yake kuna karai, moshi, foleni ya wateja, mashua zilizoegama kwenye maji yaliyokupwa, mtoto anayepara magamba. Tunafungua tundu, tunamkata kichwa na mabega, tunayeyusha vingine vyote. Picha inayobaki inaweza kuwa imepigwa popote penye jasho. Mtu ametolewa kwenye kazi yake, kwenye mji wake, akageuzwa sura. Tangu iPhone 7 Plus ilipoeneza ukungu wa kukokotoa mwaka 2016, hata lenzi haihitajiki: programu inakisia mpaka wa mtu uko wapi na kufuta vilivyobaki. Mara nyingi inakosea. Inakula ncha ya kilemba, inameza hereni, inaacha kipande cha ukuta chenye makali kati ya mkono na kiuno. Tunasamehe, kwa sababu "ina bokeh".

Miaka mingi wageni walipiga picha pwani hii kwa namna hiyohiyo, sura bila mahali, nasi tulilalamika, kwa haki. Sasa tunajifanyia wenyewe na kuita ustadi.

Najua mtakayonijibu, maana nimejibiwa.

Mmoja aliniambia kwamba ukungu si tafsiri sahihi, kwa sababu bokeh si kule kufifia bali ni tabia ya kule kufifia: kama doa la taa limekuwa duara laini au limekuwa na ukingo mkali, kama limefuata umbo la mabapa ya tundu. Ni kweli. Lakini Wajapani walitatua hilo kwa kuongeza "ladha". Sisi tumeshindwa nini kusema ladha ya ukungu? Ukungu laini, ukungu mkavu, ukungu mzito, ukungu wa duara. Na tukitoka hapo, tazama ghala lililobaki. Mwanga ukiingia lenzi moja kwa moja na kuosha picha, lenzi imepigwa kiwi, kama jicho linavyotiwa kiwi na jua. Chembechembe za picha iliyopigwa gizani ni chenga. Tulishasema televisheni ina chenga tangu enzi za antena, na chenga zenyewe ni za mchele uliovunjika. Rangi ikiwa ya kutosha imekolea, kama chumvi. Hapo sisi na Wajapani wa "aji" tumekutana jikoni bila kupanga. Ikipungua imefifia, ikiharibiwa na jua imechujuka. Na ile nisen-boke, tawi moja la mkoko linalojichora mara mbili? Aliyewahi kuugua malaria anajua kuona vitu visivyotulia. Ni maluweluwe. Sikulibuni hata moja kati ya hayo. Yote yamo vinywani mwa watu.

Mwingine aliniambia tuwaachie Baraza, BAKITA, lipo tangu 1967, litatupa istilahi. Naliheshimu Baraza. Lakini hakuna kamati iliyoketi Tokyo kuamua boke. Neno lilikua kwa sababu watu walitazama picha pamoja na kubishana kwa lugha yao, mpaka ubishi ukahitaji kutenganisha boke ya mbele na ya nyuma, nzuri na mbaya. Istilahi ni masalio ya ubishi. Sisi tunatazama picha kwa Kiswahili, tunacheka kwa Kiswahili, kisha ikifika kuhukumu tunahamia Kiingereza chenye Kijapani ndani yake. Nimekaa kwenye warsha Dar es Salaam ambapo mwalimu, Mswahili kama mimi, alieleza kila kitu kwa Kiswahili fasaha mpaka alipofika kwenye ubora wa picha, akageuza ulimi. Vijana wawili nyuma yangu waliokuwa wakiuliza maswali mazuri hawakuuliza tena mpaka jioni.

Jibu la tatu ndilo zito, nami sitalikwepa. Rafiki yangu alinikumbusha picha za studio za wazazi wetu: pazia lililochorwa mnazi na ndege angani, au maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana. Je, pazia lile halikuficha mahali? Lilificha. Lakini pazia alilichagua mpigwaji. Mama yangu anakumbuka alivyosimama studio akiamua kati ya ndege na maua, akaazima na saa ya mkononi ya mwenye studio. Lilikuwa jambo la kuafikiana, pamoja na bei yake. Bibi yangu hakuulizwa kama anataka mlango wake utoke. Na alipouliza mwenyewe, alijibiwa kwa Kijapani chenye h ya Kimarekani.

Sisemi tuufute ukungu. Kuna nyakati unastahili. Nimepiga picha ya mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake asubuhi ya kaskazi, bahari nyuma yao imeyeyuka yote, nami siijutii. Nilijua ninachokificha na kwa nini. Wala sisemi tulikatae neno boke. Mimi nalipenda, na nalipenda zaidi tangu nilipojua kwamba linamtaja pia mzee anayesahau. Kama tunalitaka tulichukue zima: tulitoe h, tulisome kwa irabu zetu, tulioze kwa neno la hapa. Na kabla ya kufungua tundu tuseme kwa sauti, kwa lugha anayoielewa anayepigwa, tunatia ukungu wapi. Akisema hataki, tumsikilize.

Mwezi uliopita nilikuwa Bagamoyo tena. Nyumba ya tatu kutoka kilipokuwa kibaraza cha bibi bado ina mlango wake, mmoja kati ya michache iliyobaki mtaa ule. Nilimwamkia mama mwenye nyumba, shikamoo, akaniitikia na kuniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia bibi akanikaribisha kiti. Nikamwomba nimpige picha, nikamwambia, "Mama, naweza kukutoa wewe peke yako nyuma pakawa ukungu, au nikakutoa na mlango. Unapenda ipi?"

Akanitazama kama niliyeuliza kama anataka chai yenye sukari au yenye mchanga. "Na mlango, mwanangu. Na hizo namba za nyumba juu zitoke."

Nilikaza tundu mpaka f/11, nikarudi nyuma hatua nne, nikasubiri wingu lipite. Nilipomwonyesha alihesabu maua ya kizingiti kwa ncha ya kidole, moja moja, juu ya kioo cha kamera. Yalikuwa mayungiyungi, kumi na moja. Alisema ule wa bibi ulikuwa kama huu, fundi alikuwa mmoja. Nikapiga simu kwa wajomba.